Kioo cha Mwalimu wa Kuimba

Si nadra katika elimu ya tiba mlango uliowashinda matabibu kufunguliwa na mtu asiye tabibu. Na ndivyo ilivyokuwa kwa zoloto, kiungo kitoacho sauti na kuilinda njia ya pumzi wakati wa kumeza, ambacho kwa dahari wanazuoni wengi walikijua kwa maiti tu, kwani kwa aliye hai kilisitirika katika giza la koo.

Manuel García, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1805 katika ukoo wa waimbaji mashuhuri, kazi yake ilikuwa kufundisha uimbaji. Mwaka 1854, alipokuwa Paris, alinunua kioo kidogo cha tabibu wa meno chenye mpini mrefu, akakipasha kwa maji ya moto kisifanye ukungu, akakiingiza hadi nyuma ya kinywa chake, na kwa kioo cha pili akauelekeza humo mwanga wa jua. Naam, akaziona nyuzi zake za sauti zikifumbuka na kufumba.

Baadaye Ludwig Türck na Johann Czermak waliigeuza hikima hiyo kuwa chombo cha tiba, Czermak akitumia taa badala ya jua. Mwaka 1863 Morell Mackenzie akaasisi hospitali ya maradhi ya koo mjini London. Na mwaka 1897, huko Freiburg, Gustav Killian akautoa mfupa ulionasa katika njia ya hewa pasipo kupasua.

García, aliyetaka tu kuijua siri ya sauti, alijaaliwa kuishi miaka 101, akayashuhudia mengi ya matunda hayo.