Ulimwengu Huria: Istilahi ya Michezo ya Simu na Maana Yake

Istilahi "ulimwengu huria", katika taaluma ya michezo ya kidijitali, hurejelea mpangilio ambao mchezaji hupewa eneo pana, mathalani mji mzima pamoja na barabara, madaraja na viunga vyake, akaachiwa hiari ya kuamua aelekee wapi, lini na kwa njia gani, badala ya kusukumwa kutoka hatua moja hadi nyingine kwa utaratibu uliokwisha kupangwa na watunzi. Kinyume chake ni mchezo wa mkondo mmoja. Pole Position, mchezo wa mbio za magari uliotolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1982, ni wa mkondo huo, kwa kuwa dereva wake hana analoweza kufanya ila kuzunguka njia aliyowekewa. Turbo Esprit, uliotolewa Uingereza mwaka 1986, ulimweka dereva katikati ya mji wenye makutano, taa za barabarani na magari ya watu wengine, akawa huru kukata kona yoyote aliyoitaka. Tofauti ya michezo hii miwili haimo katika ukubwa wa eneo bali katika mamlaka ya kuchagua, na jambo hilo ndilo linalopaswa kubebwa na istilahi ya Kiswahili.

Kivumishi kinachotumika katika istilahi ya Kiingereza, "open world", kina maana pana ya kutofungwa, na Kiswahili kina maneno matatu yanayoweza kukipokea, yaani "wazi", "huru" na "huria". "Ulimwengu wazi" ndiyo tafsiri ya neno kwa neno, lakini "wazi" linapohusishwa na mahali huashiria kutofunikwa, kutokuwa na mtu au kuonekana bila kizuizi, kama inavyosemwa kwamba kiti kiko wazi au kwamba mkutano umefanyika uwanja wa wazi; mji uliojaa majengo, watu na misongamano ya magari hauelezeki vizuri kwa neno hilo. "Ulimwengu huru" nao una kasoro yake, kwa sababu "huru" husema juu ya yule asiyetawaliwa, awe mtu au nchi, hivyo uhuru ambao kwa hakika ni wa mchezaji huhamishiwa kwa ulimwengu wenyewe.

"Huria" lina historia tofauti. Neno hili limezoeleka katika "soko huria", katika "programu huria" na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na mahali pote hapo linaeleza mfumo ambao mshiriki hujichagulia njia yake ndani ya kanuni ambazo hazijafutwa. Soko huria lina kodi, programu huria zina leseni, na mwanafunzi wa chuo huria anayejipangia muda wa kusoma bado hufanya mitihani. Hivyo ndivyo ulivyo ulimwengu wa mchezo, kwa kuwa ramani yake ina mipaka na kuna milango isiyofunguka, lakini ndani ya mipaka hiyo uamuzi ni wa mchezaji. Kwa sababu hiyo "mchezo wa ulimwengu huria" ndiyo tafsiri inayofaa zaidi, na ina faida ya ziada kwamba huzaa istilahi nyingine bila shida: wahusika wanaoendeshwa na kompyuta, yaani wapita njia, madereva na polisi ambao hawachezwi na mtu yeyote, wanaweza kuitwa walimwengu wa mchezo, neno ambalo Kiswahili tayari kinalo.

Istilahi hii isichanganywe na ile ya mchezo wa kujiundia, ambamo mchezaji huubadilisha ulimwengu wenyewe kwa kujenga na kubomoa, kama ilivyo katika Minecraft, ambao toleo lake kamili lilitoka mwaka 2011. Mchezo mmoja unaweza kuwa na sifa zote mbili, lakini mingi ya kuendesha magari na ya mapambano humruhusu mchezaji kuzurura popote bila kumruhusu kuhamisha hata ukuta mmoja.

Ugumu wa kiufundi wa ulimwengu huria ni kwamba eneo lililoahidiwa mara nyingi ni kubwa kuliko kumbukumbu ya mashine inayolibeba. David Braben na Ian Bell, waliotunga mchezo wa Elite mwaka 1984 kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu, walilitatua tatizo hilo kwa kanuni ya hesabu iliyokokotoa kila mfumo wa sayari pale ulipohitajika badala ya kuuhifadhi, na kwa njia hiyo wakapata galaksi 8 zenye mifumo 256 kila moja. Njia nyingine ni upakiaji wa vipande, ambao ulitumika katika Grand Theft Auto III, mchezo uliotungwa Uskochi na kutolewa mwaka 2001 kwa ajili ya PlayStation 2, mashine iliyokuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 32. Mji wake wa kubuni, Liberty City, haukuingizwa wote kwa pamoja. Vipande vilivyo karibu na mchezaji vilisomwa kutoka kwenye diski kadiri alivyosogea, na vilivyobaki nyuma vikaondolewa ili kutoa nafasi.

Upakiaji huo huambatana na mbinu mbili zinazoonekana kwa macho ya yeyote anayecheza kwa makini. Ya kwanza ni ngazi za undani, yaani kila kitu huchorwa kwa namna zaidi ya moja, na jengo lililo mbali huonyeshwa kwa umbo sahili lisilo na madirisha ya kweli, kisha likabadilishwa kimyakimya mchezaji anapolikaribia. Ukungu unaofunika upeo wa macho mara nyingi huwekwa ili kuficha mabadiliko hayo. Ya pili ni uzalishaji wa walimwengu kwa umbali, ambao huwafanya watu na magari kuzaliwa mbele kidogo ya mchezaji na kufutwa nyuma yake, hivyo gari lililokuwa kando ya barabara laweza kutoweka mara tu mchezaji anapoligeuzia kisogo. Mji huo, kwa maneno mengine, huishi pale tu alipo mtazamaji wake.

Mbinu hizo ndizo zilizowezesha ulimwengu huria kuhamia kwenye simu. Grand Theft Auto III ilifika kwenye simu mwaka 2011, na Grand Theft Auto: San Andreas ikafuata mwaka 2013, zote zikiwa za kununuliwa. Gameloft, kampuni ya Ufaransa, ilikuwa na mfululizo wake wa Gangstar tangu enzi za simu za vitufe, na Gangstar Vegas ya mwaka 2013 ilianza kwa kuuzwa kabla ya kutolewa bila malipo huku bidhaa zikiuzwa ndani yake. Kwa wachezaji wa Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni Bus Simulator Indonesia, uliotolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017, kwa kuwa humruhusu mchezaji kuongeza magari na rangi zilizotengenezwa na watu wengine, na mashabiki wa eneo hili wamechora mabasi ya masafa marefu ya nyumbani yakapita katika barabara za Indonesia.

Hapa ndipo neno "bure" linapodai ufafanuzi, kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicho na bei na kwa mtu asiye na kifungo, ilhali Kiswahili huzitenganisha maana hizo. Mchezo wa bure si lazima uwe huria, na mchezo huria si lazima uwe wa bure. Zaidi ya hayo, mchezo unaopakuliwa bila malipo hugharimiwa kwa njia nyingine, hasa kwa matangazo yanayokatiza uchezaji na kula bando la mchezaji, na kwa mauzo ya magari, silaha na sarafu za kubuni. Genshin Impact, ulimwengu huria wa kampuni ya miHoYo ya China uliotoka mwezi Septemba 2020, haudai malipo ya kuingia, lakini huuza nafasi za kubahatisha ambazo kwazo mchezaji hutarajia kupata mhusika adimu. Mauzo ya kubahatisha ya aina hiyo, katika michezo ya awali, yalikwisha kuifanya mamlaka ya michezo ya kamari ya Ubelgiji itamke mwaka 2018 kwamba baadhi yake ni kamari.

Mfumo huo wa mapato huathiri uhuria wenyewe. Mtunzi anayeuza mchezo wake mara moja hana sababu ya kumzuia mnunuzi kuzurura, ilhali anayetegemea mauzo ya ndani hupata faida pale mchezaji anapokwama, hivyo gari la kasi hufungiwa nyuma ya malipo na kazi inayofuata hucheleweshwa mpaka muda fulani upite au tangazo litazamwe. Mchezo wa namna hiyo huwa na ramani iliyo huria na maendeleo yaliyofungwa, na kamusi au kitabu cha istilahi kinachoeleza jambo moja bila kutaja la pili kitakuwa kimetoa nusu ya maana.

Waandishi, walimu na watafsiri wa programu za simu wanashauriwa kutumia "mchezo wa ulimwengu huria" kwa mpangilio wa mchezo, "mchezo usio na malipo ya kuingia" kwa namna unavyopatikana, na kuliacha neno "bure" kwa michezo michache ambayo kwa kweli haidai fedha wala haileti matangazo.