Asili ya Neno Hela

Wasikilizaji wetu, mtu ashukaye alfajiri kutoka milima ya Uluguru na mkungu wa ndizi, akauuza sokoni Morogoro, hurudi kwake na hela zake. Hapana amwulizaye neno hilo limetoka wapi. Leo twauliza sisi, kwani safari yake ni ndefu kuliko ya mkungu ule.

Katika kusini ya nchi ya Wadachi, yaani Wajerumani, uko mji uitwao Hall, uliopata mali yake zamani kwa kupika chumvi. Mji huo ulikuwa na karakana ya kupiga sarafu, na katika karne ya 13 sarafu zake ndogo zilienea katika nchi nyingi za Wadachi. Watu wakaziita kwa jina la mji, Haller, kisha matamshi yakageuka, wakasema Heller. Mwanzo zilikuwa za madini ya fedha, lakini miaka ikipita fedha ilipungua na shaba ikazidi, hata zikawa nyekundu. Kila nchi ilipiga hela zake na kuzipa thamani yake, hata jina moja likawa na hesabu mbalimbali. Ila kwa neno moja wote walipatana, kwamba hela ni kitu kidogo. Mdachi asiye na kitu husema hata leo kwamba hana hela nyekundu.

Na ajabu ni hii. Wadachi walipokwisha kuungana mwaka 1871, walichagua marki na pfennig. Hela ikabaki kwao katika misemo tu. Waaustria ndio walioifufua mwaka 1892, wakaweka hela 100 kwa krone moja. Hata hivyo mwaka 1904, serikali ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki ilipoacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia, iliweka hela 100 mahali pake. Basi Waluguru walitiwa mkononi sarafu ambayo mwenye duka wa Berlin asingeipokea.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Kodi ilikuwa rupia 3, na mwenye shamba la mlimani alipaswa kuitafuta kwa kuuza chakula au kwa kazi ya mshahara. Rupia 3 ni hela 300. Sisi twadhani ya kuwa kwa mtu aliyezihesabu moja moja hata zikatimia, hela haikuwa tena kitu kidogo. Ndiyo maana Mdachi hulitumia neno hili kuonyesha ufukara, nasi twasema mtu ana hela kwa kuonyesha utajiri.

Mwezi wa Agosti 1916 Waingereza waliingia Morogoro, na baadaye zikaja shilingi na senti. Rupia ikatoweka sokoni. Pesa, iliyofukuzwa mwaka 1904, haikuondoka vinywani, na hela ikakaa kando yake. Zile sarafu zenyewe, nyingine zenye tundu katikati, siku hizi huwekwa na wapendao vitu vya kale, nao huzinunua kwa hela nyingi.