Mashua Vipande Vipande Juu ya Uwanda wa Songwe

Kata ya Isansa, wilayani Mbozi, ni nchi ya kahawa na mahindi. Bandari haipo, wala ufuko. Mtu wa hapa akitaka kuona maji yanayobeba chombo itambidi ateremke bondeni hadi Ziwa Rukwa, au apande basi la Kyela akaone Ziwa Nyasa, au avuke Sumbawanga mpaka Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Ni maziwa matatu, na uwanda huu umekaa katikati yake bila kugusa hata moja.

Lakini yapata miaka 140 iliyopita meli ilipita kusini kidogo tu ya hapa, ng'ambo ya mahali ulipo leo mpaka wa Tunduma. Haikupita majini. Ilipita nchi kavu, imefunguliwa vipande, kila kipande begani kwa mtu, na nyuma yake ikifuata michoro ya kuelekeza kipi kifungwe wapi. Leo tunasikia habari za watu wanaonunua michoro ya mashua na kuiunda nyumbani, tukadhani ni jambo la Wazungu wenye gereji na muda wa kuchezea. Historia ya jambo hilo katika Afrika Mashariki imepita mlangoni kwetu, na watu waliolifanya liwezekane walikuwa watu wa nchi hizi.

Tuanze na njia yenyewe. Mwaka 1881 mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, alitoa pauni 3,000 ili ikatwe barabara kutoka Karonga, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hadi ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Umbali huo ni kilomita zipatazo 340. Stevenson alikuwa na hisa katika kampuni ya African Lakes, ile ambayo wenyeji wa Nyasa waliiita Mandala. Mhandisi James Stewart alianza kazi, akapandisha njia kutoka Karonga kwenda juu milimani, akafariki mwaka 1883 kabla hajafika mbali. Sehemu kubwa iliyobaki ikawa ni njia za miguu zilezile zilizokuwepo kabla yake, kupitia nchi ya Wanamwanga na Wamambwe. Kwenye ramani, hata hivyo, iliandikwa Barabara ya Stevenson kana kwamba imekamilika.

Mzigo mkubwa wa kwanza wa njia hiyo ulikuwa meli ya wamisionari wa London, iliyoitwa Good News. Iliundwa Uingereza, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Quelimane katika pwani ya Msumbiji. Kutoka hapo ilipanda kwa mitumbwi na vyombo vidogo kupitia Zambezi na Shire, ikavushwa maporomoko kwa mabega, ikapakiwa tena Ziwa Nyasa hadi Karonga. Kisha ukaja uwanda wetu. Mabamba ya chuma, mataruma, bolti, misumari ya ribiti na vyombo vya injini vyote vilipandishwa mlima na kuvushwa hadi Liendwe, kusini mwa Tanganyika. Huko ndiko meli ilikoungwa upya, na mwezi Machi 1885 chombo kikashuliwa. Injini ilifungwa baadaye. Mhandisi aliyesimamia uunganishaji, James Roxburgh, naye alifariki mwaka uleule wa 1885.

Majina ya wahandisi hao wawili yamehifadhiwa katika vitabu. Ya wapagazi hayakuhifadhiwa. Mimi naona huo ni upungufu mkubwa katika historia ya vyombo vya maziwa yetu, kwa sababu mpagazi hakuwa mbebaji tu. Yeye ndiye aliyeamua meli iweje. Kabla ya Good News, mwaka 1875, wamisionari wa Livingstonia walikuwa wamefikisha meli yao Ilala katika Ziwa Nyasa chini ya E. D. Young. Meli ile iliundwa London kwa vipande vya kufungana kwa bolti, vingi vyake vikiwa na uzito wa ratili 50 hivi, yaani kilo 23, maana huo ndio uzito ambao mtu mmoja angeweza kutembea nao siku kutwa juu ya mawe ya kingo za Shire. Mamia ya watu waliivusha maporomoko, na ilipoungwa upya haikupungua kitu. Hebu fikiria uaminifu wa kazi hiyo: bolti moja ikipotea njiani, hakuna duka la kununua nyingine.

Aliyesahau kupima bega la mpagazi alijifunza kwa gharama. Henry Stanley alipokuja Zanzibar mwaka 1874 na mashua yake ya mwerezi, Lady Alice, iliyoundwa Teddington karibu na London kwa sehemu tano, aligundua kwamba sehemu hizo hazibebeki katika vijia vya bara. Ikabidi seremala azipunguze palepale Zanzibar kabla msafara haujaondoka Bagamoyo. Mwezi Machi 1875 mashua hiyo ilikuwa ikielea Ziwa Viktoria. Mchoro wa London ulisahihishwa na watu ambao hawakuwahi kuuona.

Njia ya mashua ikawa jambo la dola. Katika mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, ule ulioamua pia mambo ya Zanzibar na Heligoland, Waingereza walishikilia kwamba Barabara ya Stevenson ibaki upande wao. Mstari ukapitishwa kaskazini mwa njia. Kwa hiyo Mbozi ikawa ya Wajerumani, na Mwenzo na Fife zikabaki upande ambao leo ni Zambia. Kila dereva wa lori anayepanga foleni Tunduma kusubiri kuvuka kwenda Nakonde amesimama karibu na mpaka ambao umbo lake lilitokana, kwa sehemu, na haja ya kupitisha bidhaa na vipande vya meli kati ya maziwa mawili. Kitu hiki kingestahili kufundishwa katika shule zetu za Songwe.

Wajerumani nao walifuata mtindo huohuo. Hedwig von Wissmann ilifikishwa Tanganyika mwaka 1900 ikiwa vipande, kwa njia ya Nyasa. Ile kubwa kuliko zote, Graf von Goetzen, iliundwa Papenburg, ikafunguliwa na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa reli ya kati na kushuliwa Kigoma Februari 1915. Wengi wanaijua kwa jina lake la sasa, Liemba.

Hadi hapo mchoro ulikuwa mali ya kampuni, misheni na serikali. Fundi wa pwani hakuuhitaji. Huko Matondoni katika kisiwa cha Lamu, Nungwi ya Unguja, Bagamoyo na Kilwa, chombo huundwa kwa jicho. Fundi hutandika mkuku, husimamisha fashini mbele na nyuma, akaanza kupanda na mbao. Taruma hulitafuta mtini: tawi lililojipinda lenyewe ndilo linalochukuliwa, ili unyuzi wa mti ufuate mkunjo. Kipimo ni kamba, shibiri na mazoea. Mapengo hukalafatiwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, na tumbo la chombo hupakwa shahamu. Ni elimu kamili, na sikubaliani kabisa na wanaoiita ya kubahatisha. Mashua ya kubahatisha haivuki mkondo wa Pemba.

Ila elimu hiyo ina mlango mmoja: ukae na fundi miaka. Kijana wa Isansa ambaye baba yake analima kahawa ataingilia wapi? Mchoro ndio mlango wa pili, na ulifunguliwa kwa watu wa kawaida katikati ya karne iliyopita, ilipopatikana plaiwudi yenye gundi isiyoogopa maji. Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilitangaza mashua ndogo iliyochukua jina lake, Mirror. Aliyeichora ni Jack Holt, mbunifu wa mashua, pamoja na Barry Bucknell, mtu wa televisheni aliyewafundisha Waingereza kutengeneza mambo ya nyumbani kwa mikono yao. Urefu wake ni mita 3.3, na tanga lake ni jekundu. Zaidi ya 70,000 zimeundwa, nyingi sebuleni na kwenye gereji na watu ambao hawakuwahi kuranda ubao wa chombo.

Siri ya Mirror ni ushonaji. Mabamba ya plaiwudi hutobolewa vitundu ukingoni, yakafungwa kwa vipande vya waya wa shaba, yakavutana hadi umbo likatokea lenyewe. Kisha kiungo hufunikwa utepe wa faibaglasi uliolowa rezini. Msomaji wa pwani atatabasamu hapa, kwa kuwa babu zake walishona vyombo zamani sana. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kile kiitwacho Periplus, kinataja mashua za kushonwa huko Rhapta katika pwani yetu, na mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za usumba hadi karne ya 20. Mwaka 2003 mtepe mmoja uliundwa upya ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Zanzibar. Na mwili wa Mirror bila mlingoti na tanga una kilo 45 hivi. Kwa hesabu ya Ilala, ni mzigo wa watu wawili.

Mirror ni chombo cha kustarehe. Kwa mvuvi, lililo la maana zaidi ni kazi ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Shirika hilo limechapisha vitabu vya michoro ya mashua ndogo za uvuvi kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Kitabu kimoja kinahusu mashua za sakafu bapa. Kingine kina mashua nne za tumbo la pembe, kuanzia mita 5.2 hadi 8.5, kwa mbao au kwa plaiwudi, pamoja na orodha ya vifaa vyote na maelekezo ya hatua kwa hatua. Mafundi wa kazi hizi waliwaza karakana isiyo na umeme. Nikivisoma vitabu hivyo naona heshima kwa mtu maskini mwenye akili, na hilo ni adimu katika maandishi ya misaada.

Mchoro huo unafanyaje kazi? Kwanza kuna jedwali la namba. Kila mstari wa jedwali unakwambia, mahali fulani katika urefu wa mashua, ukingo uko juu kiasi gani kutoka mstari wa msingi na uko mbali kiasi gani na mstari wa kati. Namba hizo huhamishiwa sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi. Kila alama hupigwa msumari mdogo, kisha unapitisha ufito mrefu, mnyoofu, usio na fundo, ukigusa misumari yote. Hapo unapiga magoti mwisho wa ufito, unafumba jicho moja na kuchungulia. Kukiwa na kinundu mahali, namba moja imekosewa, ama na mchapaji ama na wewe. Msumari huo unang'olewa na ufito unaachwa upite utakavyo. Maelekezo yenyewe husema hivyo: mstari laini unaaminiwa kuliko namba. Fundi wa Matondoni angekubali bila kubisha.

Upande wa mali ghafi, Songwe haina sababu ya kulia. Viwanda vya plaiwudi viko Mafinga, barabara moja na sisi, na reli ya TAZARA inapita Mlowo na Vwawa. Tatizo ni gundi. Plaiwudi ya dari ikilowa huachana matabaka. Kata kipande kidogo cha bamba unalotaka kununua, kichemshe sufuriani saa kadhaa, kikaushe, ukichemshe tena. Kikijifungua, bamba hilo ni la kabati. Likivumilia, paka rezini pande zote na hasa kwenye kingo zilizokatwa, maana maji huingilia hapo.

Rukwa si ziwa la kudharau. Lina kina kifupi, upepo ukivuma mawimbi yake hupanda upesi na kwa kukaribiana, na viboko na mamba wamo. Mtumbwi wa gogo unahitaji mti mnene, na miti minene inazidi kuwa mbali. Mashua ya mita 5.2 yenye pande zilizoinuka, inayokaa imara watu wakivuta nyavu, ni jambo la uhai wa watu. Ningependa michoro ile iwe kwa Kiswahili katika kila chuo cha ufundi cha mkoa huu, seremala wa milango na vitanda aweze kuisoma mwenyewe. Tayari ana msumeno, randa, keekee na jiriwa.

Kazi ifanyike uani chini ya mabati, si ndani ya nyumba, maana upana wa mashua hautapita mlangoni. Mvua zikikatika ndipo gundi na rezini hushika vizuri, kuanzia Juni, ingawa huo ni msimu wa kuvuna kahawa na mikono itagombewa. Kabla ya mvua za Novemba iwe imeshapakwa rangi, ifungwe kichwa chini juu ya lori, iteremshwe bonde la Rukwa, ikaandikishwe na kukatiwa leseni halmashauri kabla haijatia nyavu majini.