Chura mwenye kucha wa Afrika Kusini na elimu ya ukuaji wa viumbe

Chura mwenye kucha, ambaye kitaalamu huitwa Xenopus laevis, ni miongoni mwa wanyama waliowasaidia zaidi wanasayansi kufahamu jinsi yai moja linavyogeuka kuwa kiumbe kamili. Makao yake ya asili ni mabwawa na madimbwi ya kusini mwa Afrika. Hana ulimi, huishi majini karibu maisha yake yote, na vidole vitatu vya kila mguu wake wa nyuma vina kucha nyeusi. Jamaa zake hupatikana pia katika eneo la Maziwa Makuu na nchini Kenya.

Kipimo cha mimba

Safari yake ya kuingia maabara ilianzia Cape Town. Lancelot Hogben, mwanabiolojia wa Uingereza aliyefundisha huko kuanzia mwaka 1927 hadi 1930, aligundua kuwa chura jike akidungwa maji yaliyotolewa katika tezi ya ubongo wa ng'ombe hutaga mayai. Miaka michache baadaye, Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, watafiti wa mji huohuo, walionesha kuwa mkojo wa mwanamke mjamzito huleta matokeo yaleyale. Chura akitaga, mwanamke ana mimba. Vyura wengi walisafirishwa hadi Ulaya na Marekani kwa ajili ya kipimo hicho, ambacho kilitumika hadi miaka ya 1960.

Kwa nini chura?

Hospitali zilipopata vipimo vingine, vyura walikuwa wamekwisha kuzoeleka maabara. Kwa kudungwa homoni, jike hutaga mamia au hata maelfu ya mayai wakati wowote wa mwaka. Kila yai lina upana unaozidi kidogo milimita 1, yaani takriban mara 10 ya yai la binadamu. Kwa kuwa hurutubishwa nje ya mwili, mtafiti huweza kulitazama likikua bila kumdhuru mama. Baada ya dakika 90 hivi hugawanyika mara ya kwanza, na katika siku chache huwa kiluwiluwi anayeogelea. Mtafiti anaweza pia kubadili nusu moja ya kiinitete na kuiacha nusu ya pili kama ilivyo, kisha akalinganisha pande mbili za mnyama yuleyule.

Swali la John Gurdon

Swali kubwa lilikuwa hili: seli ikishakuwa ya utumbo au ya ngozi, je, hupoteza maagizo ya kuunda viungo vingine? John Gurdon wa Chuo Kikuu cha Oxford alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakipandikiza katika yai ambalo kiini chake kiliharibiwa kwa mionzi ya urujuanimno. Majaribio mengi hayakufaulu, lakini machache yaliyofaulu yalitosha kutoa jibu. Matokeo yake ya mwaka 1962 yalionesha kuwa maagizo yote yangalimo, yamenyamazishwa tu. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alirudisha seli za ngozi za panya katika hali ya uchanga, na mwaka 2012 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Mipaka na madhara

Chura huyu ana seti nne za kromosomu badala ya mbili, jambo linalotatiza utafiti wa urithi. Kwa hiyo watafiti wengi hutumia pia jamaa yake mdogo wa Afrika Magharibi, Xenopus tropicalis, mwenye seti mbili, ambaye ramani ya vinasaba vyake ilitangazwa mwaka 2010. Kwa viluwiluwi hao huchunguzwa jeni zinazohusishwa na kasoro za moyo ambazo watoto huzaliwa nazo. Hata hivyo, chura hana kondo la nyuma, hivyo yanayogunduliwa kwake hayana budi kuthibitishwa kwa panya na kwa seli za binadamu.

Biashara ya vyura nayo iliacha madhara. Waliotoroka au kuachiliwa walizaliana porini nchini Chile, Ufaransa na Marekani, ambako hula wadudu na viluwiluwi wa vyura wenyeji. Kwa sababu hiyo, jimbo la California limepiga marufuku kuwafuga majumbani.