Miaka 999 na Miaka 99: Historia ya Bei Anayolipa Mgeni kwa Ardhi ya Kenya

Mtu anayetaka kununua kiwanja au nyumba katika nchi isiyo yake huuliza kwanza kuhusu kodi. Ni swali zuri, lakini kwa upande wa Kenya halitoshi. Katika insha hii ninatoa hoja kwamba gharama kubwa zaidi kwa mgeni haimo katika risiti ya kodi, bali katika idadi ya miaka anayopewa. Idadi hiyo ina historia yake.

Nianze na gharama zinazoonekana. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani ya mali mjini na asilimia 2 mashambani. Mkenya na mgeni hulipa kiwango kimoja. Kuna malipo ya wakili na ya mpima ardhi, kisha kodi ya ardhi ya kila mwaka na ada za kaunti. Tofauti hutokea nyumba inapopangishwa. Tangu 2024, mkazi wa Kenya ambaye mapato yake ya pango hayazidi shilingi milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5. Asiye mkazi hukatwa asilimia 30. Hapa kinachoangaliwa ni mahali mtu anapoishi, si uraia wake.

Uraia huangaliwa kwenye hati ya umiliki. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema kwamba asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Wageni waliokuwa na umiliki wa kudumu au wa miaka zaidi ya hiyo walipunguziwa haki zao hadi miaka 99. Kujificha nyuma ya kampuni hakusaidii, kwa kuwa kampuni huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Aidha, Sheria ya Ardhi ya 2012 humpa mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kupewa tena ardhi hiyo muda wake unapokwisha, ila sharti awe Mkenya. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kulipa bei moja na ushuru mmoja, lakini wasiwe wamenunua kitu kimoja.

Kwa nini sheria ikawa kali hivyo? Jibu linapatikana katika sheria za kikoloni. Sheria ya Ardhi ya Ufalme ya 1902 iliwaruhusu walowezi kukodi ardhi kwa miaka 99. Walowezi walilalamika kwamba muda huo ni mfupi, na sheria mpya ya 1915 ikawapa miaka 999. Wahindi, ingawa nao walikuwa chini ya himaya hiyohiyo ya Uingereza, walizuiwa kupata mashamba katika Nyanda za Juu, na Waraka wa Devonshire wa 1923 ukaendeleza zuio hilo. Mwafrika naye alitozwa kodi ya kibanda tangu 1901 na kuwekewa mipaka ya maeneo ya kuishi. Wakati huo basi mgeni wa Ulaya ndiye aliyepata ardhi kwa masharti mepesi, na mwenyeji ndiye aliyebeba gharama.

Gharama hizo hazikuisha bendera ilipobadilishwa. Katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962, mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo, nyingi ikiwa ya Uingereza na Benki ya Dunia. Familia zilizopewa makazi humo zilitakiwa kulipa deni hilo pamoja na riba. Mwaka 1967 Sheria ya Kudhibiti Ardhi ilizuia mashamba ya kilimo kuhamishiwa kwa wasio raia, isipokuwa kwa msamaha wa Rais. Nikizisoma sheria hizi kwa mfuatano, naona kwamba miaka 99 ya Katiba ni jibu kwa miaka 999 ya 1915.

Hata hivyo, jibu hilo limemgusa mtu ambaye hakuwa mlowezi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 2010, inaturuhusu sisi Waganda kuvuka mpaka, kufanya kazi na kufanya biashara Kenya. Lakini kifungu chake cha 15 kinaacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Mfanyabiashara wa Busia upande wa Uganda, akitaka kiwanja Busia ya pili, ana haki zilezile za mnunuzi kutoka London. Nasi hatuna la kuwalaumu majirani, kwani Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 humpa Mkenya miaka 99 vilevile.

Kwa maoni yangu, Kenya ina sababu ya kulinda ardhi yake, na sababu hiyo si chuki dhidi ya wageni. Lakini nchi zilizoumizwa na historia inayofanana zingeweza kujadiliana, angalau kuhusu viwanja vya mijini na nafasi ya kuongezewa muda. Kabla ya hapo, mwenzangu anayefikiria kununua ng'ambo ya mpaka asome kwanza miaka iliyobaki kwenye hati, ndipo apige hesabu ya kodi.