Mji Ulioponzwa na Kina cha Maji

Mgeni akifika Bagamoyo huuliza kwanza maana ya jina. Ataambiwa ni "bwaga moyo": mpagazi wa Kinyamwezi amefika pwani, mzigo ameutua. Au ataambiwa mtumwa aliuacha moyo wake hapa kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mimi ninayesoma shahada ya uzamili ya historia sioni haja ya kuchagua. Njia ya kutoka Ujiji na Tabora ilikuwa moja, na wote wawili waliipita.

Ninalojiuliza ni jingine: mji mkubwa vile ulipunguaje? Jibu liko ufukweni, maji yanapokupwa. Jahazi hukaa juu ya mchanga bila tabu, na shehena hubebwa mabegani na watu wanaotembea majini. Kwa biashara ya majahazi, hilo lilitosha. Kwa meli za mvuke halikutosha. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao makuu, wakapigana hapa na watu wa Abushiri mwaka 1888 na 1889, halafu mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905, ilianzia huko huko. Boma la Bagamoyo, ambalo watalii hulipiga picha, ni la mwaka 1897. Lilijengwa wakati mji umeshapokonywa cheo.

Sisi wa Mlingotini, kusini kidogo mwa mji, historia hiyo haijatuisha. Mwaka 2013 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kujenga bandari mpya upande wetu, karibu na Mbegani, mradi uliotajwa kuwa wa dola bilioni 10. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyakataa hadharani masharti yake. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Katikati ya matangazo hayo, wapo waliolipwa fidia ya ardhi, na wapo wasiojua kama wapande mnazi au waache.

Bagamoyo iliachwa kwa sababu maji yake ni mafupi. Mlingotini inatakiwa kwa bandari. Mara zote mbili hesabu imefanywa mbali na ufukwe. Sipingi bandari, vijana wenzangu wanahitaji kazi. Ila akina mama wanaolima mwani hapa hupanga siku zao kwa bamvua na maji mafu, na wao pia wanastahili kuambiwa mapema kama msimu ujao watapanda.