Ufunguo Uliopitia Angani

Ukiteremka Mai Mahiu kuelekea Naivasha asubuhi isiyo na ukungu, mlima Longonot unakukabili, na chini yake yamekaa madishi meupe ya kituo cha satelaiti, yametazama juu kama sufuria zilizosahauliwa nje. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1970, na kwa miaka mingi simu, teleksi na picha za televisheni za kuvuka bahari zilipita hapo. Siku hizi abiria wa matatu za Nakuru hawageuzi hata shingo. Mimi hugeuza, kwa sababu madishi hayo hunikumbusha neno langu la kwanza la siri, ambalo lilipanda angani na kuzuru Marekani kabla ya kufika Nairobi, kilomita 160 tu kutoka kwenye kiti nilichokalia.

Imepita robo karne tangu serikali ilipofunga chumba ambacho kingeliepushia neno hilo safari. Hapa Nakuru sijaona aliyekumbuka.

Lakini tuanze na ufunguo wa chuma. Tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, hadi 1999, barua na simu za Kenya zilikaa chini ya paa moja, la Shirika la Posta na Simu. Katika vijiji vya Njoro, Molo na Subukia, mwenye sanduku lake la posta alikuwa mtu wa kuhesabika. Sisi wengine tuliandikiwa kwa sanduku la shule, la kanisa, la chama cha ushirika au la shamba alikofanya kazi baba. Juu ya bahasha palikuwa na jina lako, halafu maneno "kwa mkono wa", halafu nambari ya S.L.P. isiyo yako. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari ofisini kwa mwalimu mkuu. Posta haikukujua wala haikuwa na haja ya kukujua. Ilimjua mwalimu mkuu. Barua ikichelewa wiki mbili ndani ya droo yake, ulisubiri. Ikifika imefunguliwa, ulishukuru kwamba imefika.

Fundi mmoja aliyetunza seva ya barua ya taasisi moja nje kidogo ya mji huu, na ambaye sasa anafuga kuku, ndiye aliyenifumbua macho kwamba mpango ule wa msumari ndio huohuo unaoendesha barua pepe hadi leo. Wenzake huita watu wa aina yetu "watumiaji pepe". Jina limekaa vizuri: barua ni pepe, na mpokeaji naye ni pepe.

Kwenye kompyuta za zamani zilizotumiwa na watu wengi kwa pamoja, kila mwenye barua alikuwa mkazi halali wa mashine. Alikuwa na jina, folda yake, na ruhusa ya kuingia na kutoa amri. Neno la siri lilizaliwa humo, katika chuo cha MIT kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, chini ya Fernando Corbató. Halikukaa muda mrefu kabla ya kuibwa: mwaka 1962 mwanafunzi Allan Scherr, aliyetaka saa zaidi za kompyuta kuliko alizogawiwa, aliiomba mashine ichapishe orodha nzima ya maneno ya siri, nayo ikachapisha. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wakaeleza njia ya kuyasaga maneno hayo yasirudi katika umbo lake, kwa kuyachanganya kwanza na tarakimu za kubahatisha. Tarakimu hizo huitwa chumvi. Ukiwa na chumvi, watu wawili wenye neno moja hawaonekani kufanana ndani ya orodha.

Sasa chukua chuo chenye watu mia tano wanaotaka barua na mashine moja. Ukiwafanya wote wakazi, umewapa watu mia tano mlango wa kuingia nyumbani, na mmoja akiteleza wote wamepatikana. Mafundi wakaona heri mtumiaji awe mstari tu katika jedwali la hifadhidata: anwani, neno la siri lililosagwa, na mahali sanduku lake lilipo. Mbele ya mashine, masanduku yote mia tano ni mali ya mkazi mmoja asiye mtu, ambaye kazi yake ni kushika barua. Huyo ndiye mwalimu mkuu. Postfix, programu ya Wietse Venema iliyotoka 1998, hupokea barua na kuipeleka; anayetaka kutuma akitoa neno la siri, Postfix hailikagui yenyewe bali humuuliza jirani. Mara nyingi jirani huyo ni Dovecot, kazi ya Mfini Timo Sirainen iliyotoka 2002. Dovecot huuliza jedwali maswali mawili tofauti, huyu ni yeye kweli, na sanduku lake liko wapi. Fundi wangu anasema usiku mwingi aliokesha ulitokana na kuchanganya maswali hayo mawili: mtu anakubaliwa mlangoni, kisha haonyeshwi chumba.

Kenya ilifika huku kwa njia ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe za mashirika ya Nairobi zilifungwa vifurushi na kuvushwa kwa simu hadi London. Mwaka 1995 Shirika la Posta na Simu likatangaza magazetini kwamba kuuza intaneti ni kuchuuza huduma zake kinyume cha sheria. Kampuni zikaendelea kuuza. Mwaka 1998 likaja na Jambonet, mkondo wake mkuu wa intaneti, na ilipozaliwa Telkom Kenya mwaka uliofuata ikarithi mkondo huo pamoja na haki ya kuwa peke yake katika njia za kwenda nje. Wakati huo nyuzi za baharini zilikuwa hazijafika pwani yetu. Njia ya nje ilikuwa satelaiti.

Hapo ndipo kisa changu kinapoingia. Sanduku langu lilikuwa kwenye seva ya kampuni moja ya Nairobi, na saiba niliyoingia hapa Nakuru ilikuwa na laini ya kampuni nyingine. Kampuni zote mbili zilikuwa Nairobi, lakini hapakuwa na waya kati yao. Kila moja ilikuwa na laini ya kupanda satelaiti, na zilikutania ng'ambo.

Piga hesabu. Satelaiti za aina ile hukaa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni 72,000. Swali langu lilipanda na kushuka kwenda ng'ambo, likapanda na kushuka tena kurudi Nairobi. Jibu likafanya vivyo hivyo. Jumla ni kilomita 288,000, na hata mwanga unahitaji karibu sekunde nzima kuzimaliza. Na kuchukua barua hakukuwa swali moja. Programu hutaja jina kwanza, husubiri kukubaliwa, ndipo itaje neno la siri na kusubiri tena. Kwa jina na neno peke yake tumefika kilomita 576,000, na mwezi uko umbali wa kama 384,000 tu. Kidirisha kikizunguka, mwenye saiba anatazama saa, na dakika ilikuwa shilingi kumi.

Mbaya zaidi, neno lenyewe lilisafiri uchi. Kusagwa kulikuwa kwa ndani ya seva; njiani lilikuwa herufi tupu, tayari kusomwa na yeyote aliyeshika laini popote kati ya Nakuru, anga na Marekani.

Kampuni za intaneti, chini ya chama chao cha TESPOK, zikaamua kukutana nyumbani. Novemba 2000 zikafungua KIXP jijini Nairobi: swichi, nyaya, na makubaliano kwamba kilicho cha Kenya kipitie hapo. Telkom ikakimbilia Tume ya Mawasiliano, CCK, ikidai haki yake ya kipekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa imevunjwa. Hazikuisha wiki mbili kabla ya CCK kuamua kwamba chumba kile kilihitaji leseni, hakikuwa nayo, na kwa hiyo kifungwe.

Nimelisoma dai hilo mara nyingi na bado linanishinda. Chumba hakikugusa mawasiliano ya kimataifa hata kidogo. Kilichofanya ni kuyaondoa ya nyumbani yaliyokuwa yakipelekwa nje bila sababu. Ni kama mwenye boti ziwani Naivasha kuwashtaki majirani wawili wa Karagita kwa kusalimiana bila kupanda boti yake. Nani mwingine amewahi kudai nauli ya safari ambayo abiria hakuhitaji kuifunga? Lakini mtu wa haki atasema pia upande wa pili: Telkom ilikuwa imepewa upekee huo na sheria, na aliyepewa shamba na sheria huchunga hata nyasi za mpakani.

TESPOK ikajibu kwamba wanaokutana pale ni kundi lililofungwa la wanachama, na kwamba kila kinachotoka nchini kitaendelea kupita kwa Telkom. Mwaka mzima ukaisha kwa magazeti, vitisho vya mahakama, na mazungumzo ya pembeni ambayo kwa desturi yetu ndiyo humaliza mambo. Novemba 2001 kampuni ya KIXP ikapata leseni, na Februari 2002 chumba kikafunguliwa tena. Safari ya data iliyokuwa ikila milisekunde 1,200 na zaidi ikashuka hadi kati ya 60 na 80. Ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya Internet Society mwaka 2012 ilikadiria kwamba chumba hicho kilikuwa kikiziokolea kampuni karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka.

Fundi wangu hupenda sana sehemu hii ya hadithi, na hunipa kwa urefu, kuku wakipiga kelele nyuma. Ila ana lalamiko moja ambalo sijaliona katika ripoti yoyote niliyosoma. Anasema pande zote mbili zilibishana juu ya pesa na kasi. Hakumsikia hata mmoja akitaja kwamba maneno ya siri ya Wakenya yalikuwa yakitembezwa bila nguo hadi ng'ambo. Yeye alijaribu kuyavisha. Akawasha utaratibu ambao seva humpa mteja fumbo, naye hulitegua kwa neno lake bila kulituma. Njia ikawa salama. Lakini ili kuhakiki jibu, seva ilipaswa kuweka maneno yenyewe, au kitu kinacholingana nayo, si unga wenye chumvi. Alilinda barabara akaacha ghala wazi. Akarudi kwenye kusaga, kisha akafunika laini yote kwa usimbaji, na huo ndio mpangilio anaouapia hadi leo.

Wakubwa nao hawakuwa salama zaidi. Agosti 1999 iligunduliwa kwamba sanduku lolote la Hotmail lingeweza kufunguliwa kwa neno moja la herufi mbili, "eh". Wengi wetu tulikuwa humo, tumevutwa na kutolipa. Baadaye tukahamia Yahoo, ambayo mwaka 2017 ilikiri kwamba uvamizi wa 2013 uligusa akaunti zake zote, bilioni tatu.

Mengine yalikuja kwa kasi na hayana ugomvi wa kusimulia. Nyuzi za baharini zilifika Mombasa 2009, Longonot ikapoteza kazi yake ya zamani, na wanaastronomia wakaanza kulipigia hesabu dishi lake kubwa kuwa darubini ya redio. Taasisi nyingi zilizima seva zao na kukodi masanduku kwa Wamarekani. Ile ya fundi wangu ilikuwa mojawapo. Mwaka 2016 Posta ikaleta mPost, nambari ya simu ikawa S.L.P., na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida wa Subukia akaweza kuwa na sanduku lisilopitia kwa mwalimu mkuu. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 imefanya kufichua neno la siri la mwenzako bila ruhusa kuwa kosa.

Wataalamu wa lugha wametupa neno zuri, nywila. Kwenye saiba za mji huu bado ni paswadi, na Juni iliyopita, siku za mwisho za kuwasilisha ritani za kodi, nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyekuwa ameshuka kutoka Bahati tangu alfajiri. Hakuwa na barua pepe ya kwake. Kijana wa kaunta alikuwa amemfungulia akaunti ya iTax miaka kadhaa iliyopita kwa anwani ya saiba, pamoja na wateja wengine wote. Akatoa daftari la mazoezi, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, akapitisha kidole kwenye safu ya majina. Mbele ya kila jina palikuwa na paswadi, na kwa jinsi nilivyoona kutoka nyuma, zote zilikuwa moja: jina la saiba na tarakimu 123.

Mama akauliza kama anaweza kupewa yake aandike mahali. Kijana akamwambia hakuna haja, aje tu mwakani, daftari halitoki pale. Halafu akalifunga kwa mpira, akalitundika kwenye msumari nyuma ya printa, na kumwita aliyefuata.